Vilima Viwili Kabla ya Mlima

Kambale, mdogo wangu,

Usiucheke mwandiko huu. Jumamosi nilikuona. Sijui nilieleze vipi jambo hili kwa usahihi, nami ndiye niliyezoea kuwasahihisha wengine.

Unavikumbuka vihisi, vile vifaa vidogo walivyofunga nyuma ya vishikio vya ukuta wa kupanda, kule kilabuni Ndosho, kabla hujaugua? Vinapima nguvu ya vidole, nayo huonekana kwenye kompyuta kama mstari unaopanda na kushuka. Siku hizi timu huchaguliwa kwa kuitazama mistari hiyo, na binti yako Masika alikuwa karibu kuachwa.

Kocha aliniita. Akanieleza kwa heshima kwamba mtoto anagonga kila kishikio mara mbili kabla ya kukishika, na hivyo anapoteza muda.

"Muzee, huku ni mbao na plastiki. Hakuna kitu itavunjika."

Nikamjibu kwamba Masika alifundishwa na baba yake kwenye mawe ya volkano, nyuma ya nyumba yetu Katoyi, mawe yanayoonekana imara kumbe ndani yana matundu. Nilikuwa nakusikia: "Gonga kwanza. Jiwe ikilia vibaya, achana nayo."

Kocha akataka kunionyesha mstari wa mpandaji mwingine ili nione tofauti. Akafungua rekodi ya zamani bila kusoma jina. Vilima viwili vidogo, kisha mlima. Vilima viwili vidogo, kisha mlima. Sawasawa na mstari wa Masika. Jina lililokuwa juu ni lako. Tarehe ni ya ile siku ulipopanda peku, umevaa suruali ya kanisani, ili tu uwachekeshe vijana.

Kambale, nilikuzika. Udongo niliutupa kwa mkono huu huu. Na pale kwenye kioo cha kompyuta vidole vyako vinagonga. Nilikaa chini, kwenye godoro la kuangukia, mimi, mbele ya watoto. Hakuna aliyecheka. Masika alitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Papa mukubwa, ni yeye?"



Jana walichagua timu. Masika alikigonga kishikio cha kwanza, mara mbili, kisha akapanda hadi juu bila kugonga tena. Ameingia. Kocha aliviona vile vilima viwili vya mwanzo, akaliandika jina lake.

Lakini mimi sijatulia. Mlango ukigongwa mara mbili, nasimama kabla sijafikiri.

Pumzika, mdogo wangu. Ukuta wa mbao nimewaachia wao na mashine zao. Ila siku watakapompeleka Masika kwenye mawe yetu, nitakuwa chini yake na fimbo yangu, na hatanyanyua mguu mpaka niwe nimesikia anagonga.

Mkubwa wako,
Paluku