Orodha Isiyo na Kichwa

Jumatatu, 12 Januari

Nimechora mistari ya kiwanja cha mpira. Ndoo tatu za jivu, zote kutoka jikoni kwa Mama Kevo, muuza githeri. Upepo ukala kona moja yote, nikarudia. Goti la kushoto linauma tangu Krismasi. Sitaki kulitaja tena.

Wasichana wa Mutheu walifika nikimaliza. Ishirini na wawili, viatu vya mpira jozi kumi na nne. Anayetoka anamvulia anayeingia. Mutheu ni binti yangu, na ni kocha mkali kuliko wote walionifundisha mimi. Sijawahi kumwambia.

Njoroge alipita na habari. Serikali inatafuta viwanja vya mazoezi kwa ajili ya mashindano ya Afrika. Kitakachofaa kitagharamiwa chote: nyasi, taa, vyoo, pa kukaa watu. Chetu kimo kati ya vitakavyokaguliwa. Hiki cha vumbi, hapa Kayole! Njoroge ni mwenyekiti wa kamati ya kiwanja, mimi katibu. Zamani alikuwa kipa wetu na mimi beki namba tano mbele yake. Mpaka leo ananiita Faivu, nami namwita Kipa.

Nimefurahi kama mtoto. Naandika ili nisisahau.

Alhamisi, 15 Januari

Wakaguzi wamekuja. Watatu, buti safi. Nilishika ncha ya utepe wa kupimia. Upana unatosha. Urefu unatakiwa mita mia moja na tano. Sisi tuna tisini na sita. Huku ukuta wa kanisa, kule ghorofa la watu. Hakuna pa kusogea.

Nilisoma utepe kwa macho yangu. Njoroge akanishika bega. "Faivu, wacha presha. Hiyo ni kitu ya kuongea."

Nikaacha presha. Nilitaka sana kuamini, ndio ukweli.

Jumamosi, 24 Januari

Baraza la wakazi, hapo hapo kiwanjani. Soda na mkate kwa kila mtu. Njoroge aliongea vizuri, nakubali. Alisema serikali haitoi hela kabla ya kuona wananchi wanaunga mkono. Kiwanja kitazungushiwa mabati miezi mitatu, kisha nyasi. Watu walikuwa baridi mpaka niliposimama mimi. Nikasema huyu namjua, alisimama golini nyuma yangu misimu tisa, hajaniangusha. Wakapiga makofi.

Orodha ya waliohudhuria niliiandika mimi. Jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Kurasa saba, mistari ya rula. Miaka ishirini na sita ya ukarani haijapotea. Njoroge aliniambia niache nafasi juu, kichwa atakipiga chapa baadaye.

Mutheu peke yake hakutia sahihi. Aliishika karatasi akaitazama. "Baba, hii haina kichwa. Si ni wewe ulinifunza nisisaini kitu haina kichwa?"

Nikamwambia asiniaibishe mbele za watu. Akaenda zake bila soda.

Jumatano, 4 Februari

Mabati yamefika. Kufuli kubwa, ufunguo kwa Njoroge.

Wasichana wanafanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule moja Komarock. Jumamosi tu. Wadogo wamekatazwa na mama zao kuvuka barabara. Wamebaki kumi na watatu. Mutheu haniambii kitu isipokuwa chai iko kwa chupa.

Mama Kevo kaniuliza kama aendelee kuniwekea jivu. Nikamwambia aweke. Miezi mitatu si mingi.

Jumanne, 17 Februari

Redio imetaja viwanja vilivyopita. Nilisikiliza taarifa ya saa saba, halafu ya saa kumi. Chetu hakipo. Nikampigia Njoroge. Anasema kuna orodha ya pili, nitulie.

Nimetulia.

Uongo. Sijatulia hata kidogo.

Ijumaa, 27 Februari

Lori limemwaga kokoto ndani ya mabati. Nilichungulia kwenye tundu la msumari. Rundo liko pale pale katikati, tunapoanzishia mpira. Nyasi hazipandwi kwenye kokoto. Njoroge hashiki simu.

Ijumaa, 6 Machi

Nimeenda mwenyewe kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia viwanja. Karani ni msichana mdogo, ana adabu. Nilipomwambia nami nilikuwa karani akaniletea faili bila kunizungusha. Angejua nitakachoona angenizungusha.

Barua ya wakaguzi iko juu. Kiwanja hakifai, urefu hautoshi, serikali haitakigharamia. Tarehe 19 Januari. Imepokewa na mwenyekiti siku hiyo hiyo. Sahihi yake naijua kuliko yangu.

Siku tano kabla ya baraza. Alipokuwa akigawa mkate, alikuwa ameshaisoma.

Nyuma ya barua, kurasa zangu saba. Mistari ya rula. Na juu, pale nilipoacha nafasi, pamepigwa chapa: Wakazi waliokubali kiwanja kigeuzwe soko la maduka. Ukurasa wa kwanza mpaka wa saba. Majirani zangu wote. Mama Kevo, mstari wa tatu. Mimi mwenyewe, wa kwanza.

Karani akanisifu mwandiko.

Nikamshukuru, nikamrudishia faili.

Jumatatu, 9 Machi

Nilimpata Njoroge kwa kinyozi, taulo shingoni. Sikupiga kelele. Nilimuuliza jambo moja tu, kama siku ya baraza alikuwa anajua. Alinijibu akitazama kioo.

"Kiwanja ilikuwa imeshafeli, Faivu. Si afadhali tupate kitu? Na hata wewe nimekuwekea duka moja, ya kona."

Ya kona! Alingoja nimshukuru. Kinyozi alizima mashine ili asikie vizuri.

Namchukia. Sijawahi kuandika neno hilo juu ya mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki nimekivaa tangu ujana. Nilimpa mgongo misimu tisa nikijua yuko nyuma yangu. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuhitaji kunidanganya sana. Utepe nilikuwa nao mkononi. Tisini na sita. Karatasi nilichora mimi. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nimelishona mwenyewe.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwambia Mutheu yote. Alikuwa anafua jezi. Hakuacha kufua.

"Nilikuuliza, Baba."

Basi, hayo tu. Afadhali angenitukana. Alianika jezi kumi na tatu, akaingia ndani.

Nimemwandikia Njoroge ujumbe. Duka sitaki. Nimeufuta mara mbili kwa sababu ulianza na Kipa. Nikatuma bila jina.

Alhamisi, 12 Machi

Mafundi wameanza kuchimba msingi. Wanaanzia goli la upande wa kanisa.

Jumapili, 15 Machi

Baada ya ibada nimenunua daftari. Kabla ya jina lolote nimeandika kichwa, kwa herufi kubwa: SISI TULIHUDHURIA BARAZA. HATUKUKUBALI KIWANJA KIWE SOKO. Jina langu ndilo la kwanza.

Milango kumi na tisa. Sahihi nne. Wengi wanasema, Mzee, si tulishasaini kwako? Mmoja alifunga mlango nikiwa bado namsalimia. Nitaenda tena kesho, ghorofa za nyuma.

Mama Kevo alitia sahihi. Kando ya jiko lake kulikuwa na ndoo tatu za jivu, amezifunika gunia zisiloe. Nilizitazama, naye akanitazama. Sikumwambia aache.

Jioni nimeweka daftari mezani mbele ya Mutheu, na kalamu juu yake. Alisoma kichwa. Akageuza ukurasa akaangalia nyuma. Akarudi mbele, akasoma kichwa tena, kidole kikienda chini ya kila neno. Halafu akatia sahihi.

Sikukasirika. Ni mimi niliyemfunza.