Kipimo cha Macho Yako

Kaka Elirehema,

Shikamoo. Nimechoka kaka, naandika hivi hivi ninavyoongea. Na unajua kwangu kuongea kwenyewe ni kazi.

Duka bado lipo hapa Elerai. Tangu tukuzike, shemeji ndiye anakaa mlangoni kwenye kiti chako, mimi nawasha kompyuta. Watoto bado wanakuja kuucheza mchezo uliotengeneza, ule wa ng'ombe wanaoshuka mlima Meru. Miwani ya kuuchezea nakata mwenyewe, boksi na nailoni, jicho moja jekundu, moja la bluu. Wakivaa tu wanarudisha kichwa nyuma. "Toba! Ng'ombe anatoka!" Na mlima unarudi kule mbali, kama ukuta umetobolewa.

Ila hawakai. Dakika tano, wanavua. "Oya, macho yanavutwa." Juzi mmoja katapika, mama yake akaja na maneno. Shemeji akaniambia, "Shem, litengeneze hilo dude au tuliuze. Mimi ugomvi wa kila siku siuwezi."

Shule niliishia la tano, najua kuangalia tu. Nikaangalia siku tatu. Mwisho nikaweka rula kwenye kioo cha kompyuta, nikapima mlima mwekundu na mlima wa bluu vile ilivyoachana. Ndipo nikakumbuka. Siku ile ulishika rula puani, ukasema, "We bubu, nisomee hapo, jicho mpaka jicho." Nikasoma, ukaiweka namba ile ile kwenye mchezo. Ulisema mlima wa mbali lazima uachane kama macho ya mtu.

Mtu mwenyewe wewe. Na uso wako ulikuwa mpana, kaka. Watoto macho yao yako karibu karibu, yanavutwa kwenda nje kukufuata wewe.

Ni namba moja tu. Nimeshindwa kuigusa wiki nzima. Picha yako sina. Nikivaa ile miwani nilikuwa naona kama ulivyoona wewe, basi, hicho ndicho nilichobaki nacho.

Jana nimebadilisha. Nilimpima binti yako Neema, jicho mpaka jicho, anacheka tu, hatulii. Nimeweka ya kwake. Mlima umesogea kidogo. Kacheza mpaka mama yake kamwita kula mara tatu, hasikii.

Namba yako iko kwenye disketi, nimeandika jina lako, haifutwi na mtu. Neema akikua, uso ukimpanuka kama wako, nitamwekea.

Pumzika, kaka. Duka nalifungua mimi.

Bubu wako