Neno la Mlangoni

Kwa dada yangu mpenzi Nasambu,

Sasa, dada? Natumaini baridi ya huko Kibera haijakurudishia kile kikohozi, na watoto wanakula na kulala vizuri. Mimi mwili ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu na usingeelewa kitu. Jirani yetu Mitchelle atakuletea barua hii pamoja na ufunguo wa nyumba yetu ya Kabiro.

Dada, ndoa ni tamu! Siku ya harusi ulinicheka ukasema nitapoa kabla keki haijaisha. Sijapoa. Phanuel akirudi kutoka karakana pale kituo cha Kawangware 56, ananukia moshi wa kuchomelea vyuma, huniita "mwalimu" kwa sauti ile yake, na mimi nasahau jiko mpaka ugali unaungua. Unajua aliacha shule akiwa darasa la sita. Bosi wake, Munyao, alimwahidi kumfanya msimamizi akijua Kiingereza cha kuongea na wateja, basi kila jioni tulisoma. Nilimwambia kila kitenzi kina mzazi: took ni mtoto wa take, went ni mtoto wa go. Alicheka akishika mbavu, akasema huyo went hafanani na babake hata kidogo, majirani waulizwe.

Nilipotandika kapeti yetu mpya, nilimwandikia mlangoni kwa chaki: Take off your shoes. Akajua kwamba take off ni kuvua. Nikataka kumwambia kwamba maneno hayo yana maana nyingine pia, akanifunga mdomo kwa busu, akasema maana moja kwa siku inatosha. Tangu hapo alivua kila kitu kwa Kiingereza, kofia, koti, hata kifuniko cha sufuria. Mafundi wenzake wakamwita Mzungu wa Kabiro, naye akaringa nalo jina hilo.

Kisha lile geti alilokuwa akilichomelea karakanani likamwangukia mguuni. Nilikuambia anaendelea vizuri, lakini haikuwa hivyo. Kidonda kilioza, mguu ukawa mweusi, na nikajifunza kupumua kwa mdomo ili asinione nikikunja uso. Daktari mkubwa wa hapa hospitalini aliniita kando akaniambia sumu inapanda kwenye damu, na wasipoukata mguu nitamzika. Phanuel alikuwa amekataa kabisa. Aliapa kwamba afadhali azikwe na miguu yake miwili.

Leo asubuhi alikuja daktari mwingine, kijana mwenye haraka. Alimwambia, We must take it off today, akamuuliza kama ameelewa. Phanuel alinigeukia, uso uking'aa kwa homa na fahari, akaninong'oneza kwamba wanakuja kuvua bandeji. Kisha akamjibu kwa sauti, wodi nzima ikisikia: Yes, doctor. Take it off. Akatia sahihi kwenye fomu. Mzee wa kitanda cha pili akamsifu kwamba Kiingereza chake kimenyooka.

Dada, mimi nilielewa kwamba ni mguu unaokatwa. Nilimpangusa jasho, nikamwambia amejibu vizuri sana.

Sasa yuko ndani ya chumba cha upasuaji, nami niko hapa nje kwenye benchi, nimepakata viatu vyake. Akiamka nitamwambia ile maana ya pili mimi mwenyewe, asiisikie kwa mtu mwingine. Huenda akanichukia. Anichukie, bora awe hai. Bado nampenda mpaka natetemeka.

Nakuomba jambo moja tu. Nenda Kabiro na ufunguo huo, lowesha kitambaa, uyafute yale maneno mlangoni. Sugua mpaka yaishe kabisa, asije akayasoma siku nitakayomleta nyumbani.

Wabusu watoto kwa niaba ya mama yao mdogo, na mtutaje sote wawili mkipiga magoti jioni.

Ni mimi mdogo wako,
Nasike wa Phanuel