Mke Mwenza wa Juu ya Friji

Ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha vioo.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi? Kifua kimekuachia? Mama anasema ulipopiga simu ulikuwa ukikohoa kila baada ya maneno mawili, ila kule hotelini wamekutoa kwenye kufua mashuka na kukupeleka kwenye pasi. Angalau mikono yako itapumzika na maji.

Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi uko salama kabisa. Mimi bado niko maabara, napima maji ya mji mzima, na bado sijaolewa, kabla hujauliza.

Sasa nikueleze nilikokwenda Jumamosi ya wiki iliyopita, na usinikasirikie mpaka umalize kusoma. Nilikwenda kwenye baa ya aliyekuwa mume wako. Ndiyo, kwa Bwana Povu, maana baba mdogo sitamwita tena. Najua ulisema tumwachie Mungu. Nimemwachia, ila nilitaka kuangalia Mungu amefikia wapi.

Hajafika. Pamependeza hadi inaudhi. Kaunta ya mbao nyeusi, mabomba ya shaba yamepangwa safu, glasi za kila umbo, nyingine zina tumbo na shingo kama vibuyu. Ukutani kuna picha kubwa ya monasteri, nyumba ya watawa, na ubao wa chaki unaosema humo huuzwa bia za mtindo wa Kibelgiji tu, anayetaka nyingine aende kwa jirani. Mwenyewe amevaa aproni ya ngozi, kitambi kimemtangulia, anapita meza hadi meza akihubiri.

Hakunitambua. Mara ya mwisho aliniona na sare ya shule, nimekaa chini ya meza yako ya jikoni nikisoma. Akanichagulia bia ya rangi ya dhahabu, ile kali, chupa yenye kizibo cha kufungwa kwa waya, akaimimina polepole huku ameinamisha glasi.

Niliijua kabla sijainywa. Ilinukia ndizi mbivu. Unakumbuka nilivyokuwa nikipekua makabati yako kutafuta ndizi zilikofichwa, nawe unacheka hadi unafuta machozi? Ukanionyesha mtungi wa kioo juu ya friji, ukasema hakuna ndizi humu ndani, hiyo ni pumzi ya mke mwenzangu. Chachu ya bia zako, uliyoikuza mwenyewe kutoka kwenye maganda ya matunda, ukailisha, ukaifunika kwa kitambaa. Ulimwita mke mwenza kwa sababu mumeo akirudi nyumbani alimchungulia yeye kwanza ndipo akusalimu wewe. Siku aliyokutupia mabegi nje, mke mwenza alibaki ndani.

Nikaonja. Giligilani, ganda la chungwa, mkono wako kabisa. Machozi yakanilengalenga, na hayakuwa ya huzuni.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mgeni mwenye adabu, chachu yake ameitoa wapi. Akaweka mkono kifuani, na wa meza ya jirani wakageuka wasikilize. Akasema alisafiri hadi Ubelgiji, akalala monasterini, na mtawa mzee aliyekuwa akikaribia kufa akamkabidhi chachu hiyo huku analia. Mama mdogo, mtu huyu alikuwa anaogopa hata lifti.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumvua nguo mbele ya wateja wake. Nilikwisha kuyafanyia mazoezi kwenye kioo wiki nzima. Nikafungua mdomo. Hapo yeye akaiondoa chupa mezani, na ndani yake, chini kabisa, nikaona bia nzito rangi ya uji iliyobaki.

"Hii ya chini hatumpi mteja," alisema. "Ni mashapo, yanachafua glasi."

"Basi naomba niende na chupa," nikasema. "Nitaweka maua."

"Chukua tu, dada. Zingine mimi namwaga, naosha."

Anamwaga. Wewe ulitufundisha kwamba humo kwenye mashapo ndimo mke mwenza anamolala. Nikayameza maneno yangu yote, nikalipa, nikaipakata chupa hadi nyumbani kama mtoto aliyesinzia.

Nilimwekea chombo safi cha maabara, nikamlisha maji ya kimea yaliyochemshwa na kupozwa. Siku za mwanzo kimya. Nilianza kuomboleza. Leo asubuhi Mama ametoka chumbani akiburuta magoti yake, akasimama mlangoni mwa jikoni, akauliza nani kanunua ndizi.

Chumba cha fundi cherehani, ng'ambo ya barabara kutoka kwa Bwana Povu, kiko wazi, na mwenye nyumba amenikubalia nikipange, niuze bia yetu humo. Simwombei ugonjwa wala jela. Namwombea afya njema na macho mazima, asimame mlangoni pake aone wateja wake wakivuka barabara, na aisikie harufu ile.

Vipimo vya giligilani na maganda viko kichwani mwako tu. Niandikie, au vilete mwenyewe. Ila usiniandikie nisamehe. Hilo tutaliongea bia ikishaiva.

Mama anakusalimu, Babu pia, na mdogo wangu Kijiko anauliza kama huko theluji inalika. Mungu akupe kifua chepesi na njia fupi ya kurudi.

Mimi nikupendaye, nisiyesahau,
Binti wa dada yako.

Mke mwenzako naye anakusalimu. Ameamka na njaa.