Suluhu Nyumbani kwa Bi Thuwaiba

Shikamoo Mama,

Mwanao mzima, ingawa jua la huku Ibra, Oman, linachoma hata kivulini. Katika mieleka yetu ya maonyesho mimi naigiza mtu mbaya, na mpinzani wangu ni Saidi, kijana wa Nizwa ninayekaa naye chumba kimoja. Kila pigo tunakubaliana kabla, ila watazamaji hawatakiwi kujua.

Jana nilikuwa nimemkaba Saidi shingo, mara bibi mmoja wa mstari wa mbele akainuka na bakora yake. "We baradhuli! Mwachie mtoto wa watu!" Kiswahili cha Unguja kabisa! Nikajisahau, nikamwachia Saidi, nikasema, "Shikamoo bibi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bosi alininunia mpaka asubuhi.

Yule bibi, Bi Thuwaiba, akatualika sote wawili. Leo katupikia wali wa nazi na mchuzi wa papa, lakini akatukataza kugusa sinia.

"Kwanza mpatane. Yallah, mpe mkono mwenzio, umtake radhi."

Saidi akanitazama. Tungemwambia ukweli, siri ya kazi ingetoka, na yeye tungemvunja moyo. Basi nikamshika Saidi mkono, nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

Bi Thuwaiba akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akatusogezea sinia. Saidi aliinama asionekane anacheka. Mimi sikucheka, Mama. Kila usiku nazomewa kama mtu mbaya; leo nilijihisi nimesamehewa kweli.

Nakubusu mikono yote miwili.

Mwanao,
Hamisi