Tundu la Waya wa Krismasi

Jumanne, 23 Desemba

Daktari amesema moyo wa Mama uko sawa. Wangu hauko sawa.

Nyumba hizi za mtaa wetu wa Jericho hazina soketi nje. Jana nilipitisha waya wa taa za Krismasi dirishani, kisha nikalifunga kwa nguvu kwa sababu mbu walikuwa wanamla Mama. Dirisha ni la chuma. Chuma kikauchubua waya, nami sikuona. Leo jioni mvua imenyesha, Mama akashika grili ya dirisha hilo atazame taa, umeme ukamrusha hadi sakafuni.

Nilizima umeme nyumba nzima nikijua nimemuua.

Jirani yetu, Mama Atieno, amenifokea mbele ya watu: "Mutua, unataka kuua mzazi juu ya taa?"

Mama hakunilaumu. Tuliporudi kutoka hospitali aliuliza tu, "Si baba yako alitoboa tundu ukutani la kupitishia huo waya? Liko wapi?"

Nililiziba mimi, kwa simiti, wiki tuliyomzika Baba. Nilisema linaharibu ukuta.