Majibu ya Baba Hayasikiki

4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hapa hatujambo. Baba anakula vizuri na vidole vya mkono wa kulia vimeanza kukunjika. Kusema bado. Akitaka kitu anagonga kikombe kwenye kitanda, nami nakimbia. Wifi na watoto wazima?

Yale mahojiano yako na madereva wastaafu wa treni nimeyachapa yote, chama chao kitapata kitabu kwa wakati. Yamebaki ya Baba, uliyomrekodi kwa video kabla ya kiharusi, nayo yananitoa roho. Picha inaganda kila baada ya maneno mawili, Baba amefumba jicho moja, mdomo wazi. Kompyuta nimeizima, nimeiwasha, nimeibembeleza, nimeitukana. Nifanyeje?

Na kuhusu kumhamishia Baba kwako, jibu langu ni lilelile. Hatoki hapa.

Mdogo wako

7 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umepoa. Sisi wazima, ila wifi yako ana mafua na nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole.

Usiicheze video ikiwa ndani ya flashi. Inakili kwanza kwenye kompyuta, halafu ndiyo uifungue. Faili ni kubwa na ile flashi ni ya ovyo.

Hapa kwangu hospitali iko ng'ambo ya barabara, na yupo mtaalamu anayewafundisha kusema waliopata kiharusi. Tena Baba nilimuuliza mwenyewe, mwishoni mwa mahojiano. Nikikuambia alivyojibu utasema nimejitungia. Msikilize.

Kaka yako

11 Februari

Kaka,

Habari za huko? Mpe wifi pole. Baba hajambo kiasi chake.

Nimenakili, haikwami tena. Sasa inacheza vizuri na Baba hana sauti. Maswali yako nayasikia yote, hata unavyokohoa kabla ya kila swali kama mkaguzi wa shule. Baba anafungua mdomo, mikono inaruka huku na huku, nami sisikii kitu. Nimepandisha sauti mpaka mwisho. Nimepakua programu nyingine ya kuchezea video, ikataka niisasishe, nikaisasisha, kompyuta ikajizima. Fundi wa mtaani kaitazama na kusema faili limeharibika, kisha akaomba maji ya kunywa.

Swali la mwisho nimelirudia mpaka nimelikariri: "Baba, ikitokea siku huwezi kujihudumia, ungependa ukae kwa nani?" Kisha kimya. Anajibu kwa kirefu, anacheka, anajifuta macho. Kaka, niseme wazi. Ulifuta sauti yake kwa sababu jibu halikukufaa? Sijaisikia sauti ya Baba tangu alipoanguka bafuni. Uliniahidi imo humu.

Mdogo wako

13 Februari

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, maana barua yako imeshanieleza. Umeniumiza. Mimi nifute sauti ya baba yangu mzazi? Hapa inasikika mwanzo mpaka mwisho, hata wifi yako aliisikia akiwa jikoni.

Nijibu bila matusi. Unasikilizia spika za kompyuta au za masikioni? Zote mbili zinafanya kazi?

Kaka yako

16 Februari

Kaka,

Hatujambo. Spika za kompyuta zilikufa zamani. Natumia za masikioni na zote mbili ni nzima. Ila navaa moja tu, ya kulia. Sikio la kushoto naliacha wazi nisikie kikombe cha Baba. Madereva wengine wote nimewachapa hivyohivyo na sikukosa neno, kwa hiyo usinitafutie kosa.

Mdogo wako

18 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Kosa si lako, wala faili halijaharibika. Wale wengine niliwarekodi kwa kipaza sauti kimoja cha kamera. Kwa Baba niliazima viwili vya kubana kwenye kola, kila mtu na chake. Sauti yangu ikaingia upande wa kulia, yake upande wa kushoto. Siku zote hizo Baba amekuwa akizungumza upande usiouvaa.

Mwombe jirani akae naye kidogo. Vaa zote mbili.

Kaka yako

2 Machi

Kaka yangu,

Salamu kwa wote, na unisamehe kwa nilivyokushuku. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa sijui niandike nini.

Jirani alikuja, nikafunga mlango, nikavaa zote mbili. Siku ile sikuchapa hata neno. Nilikaa nikimsikiliza Baba, na machozi yakinitoka. Sasa nimemaliza. Kipande cha mwisho ni hiki, neno kwa neno, na chama usikipe:

"Kwako. Usitabasamu, si kwamba nakupenda kumshinda yeye. Yule binti nikibaki naye hataniacha hata dakika moja. Atagombana na kila mtu isipokuwa mimi, mpaka azeekee mlangoni kwangu. Nichukue, hata akikataa. Halafu aje kunisalimia kama mgeni, alale mpaka saa nne asubuhi."

Nilimsomea Baba, nikamuuliza kama bado anataka hivyo. Aliitikia kwa kichwa, kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka usingizi ulipompitia.

Njoo Jumamosi umchukue. Nguo zake nimeshazifunga. Nikianza kukataa tena mlangoni, usinisikilize.

Mdogo wako